Kusimamia programu za Mahakama ya Watoto: mwongozo kwa msimamizi mpya

Umekabidhiwa kitengo. Una maafisa wa uangalizi, wanasihi wachache, mikataba na mashirika yanayotoa huduma, na kabati lililojaa majalada ya watoto wanaokinzana na sheria. Pengine ulikuwa afisa mzuri na ndiyo sababu ukapandishwa cheo. Sasa mtoto hakai tena mbele yako. Anakaa mbele ya watu unaowaongoza, na anachokutana nacho pale kinategemea sana maamuzi unayoyafanya ukiwa mbali naye.

Mwongozo huu umeandikwa juu ya msimamo mmoja ambao naushikilia kwa dhati: mtoto asipewe mahakama nyingi kuliko anavyohitaji. Programu zetu zinaweza kumsaidia kijana, na zinaweza pia kumharibu hata kama kila anayehusika ana moyo mwema. Hatua zifuatazo zinamsaidia msimamizi kulizuia hilo la pili.

Hatua ya 1: Chora safari ya shauri, na kila mlango wa kutokea

Kabla hujabadilisha chochote, chukua karatasi kubwa uchore njia anayopita mtoto tangu anapokamatwa hadi jalada lake linapofungwa. Kwenye kila kituo andika nani anaamua, anaamua kwa kifungu gani cha sheria ya nchi yenu, ana muda gani wa kuamua, na mtoto anaweza kutoka vipi hapo bila kusogea mbele. Hilo la mwisho ndilo wengi husahau. Utakuta polisi wana mamlaka ya kuonya na kumrudisha mtoto kwa mzazi lakini hawaitumii, au mwendesha mashtaka angeweza kumpeleka kwenye programu ya jamii lakini hajui kama ipo.

Kifungu cha 40 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinazitaka nchi ziweke njia za kushughulikia watoto bila kesi mahakamani pale inapofaa, mradi haki zao zilindwe. Kanuni ya 11 ya Kanuni za Beijing, yaani kanuni za kushughulikia watoto wanaokinzana na sheria zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985, inasisitiza jambo hilohilo na kuongeza sharti la ridhaa ya mtoto, au ya mzazi au mlezi wake. Ridhaa ya kweli ina dalili zake: mtoto ameelezwa kwa lugha anayoielewa, amepata nafasi ya kuzungumza na wakili au mtu anayejua sheria, na anajua kwamba anaweza kukataa na kesi yake ikasikilizwa. "Saini hapa, la sivyo unalala mahabusu leo" siyo ridhaa. Hakikisha pia kwamba kukiri kosa ili aingie kwenye programu hakutatumika dhidi yake baadaye programu ikishindikana. Kama makubaliano yenu na ofisi ya mashtaka hayasemi hivyo kwa maandishi, hiyo ndiyo barua yako ya kwanza kuandika.

Usidhani haya ni mambo ya mawakili peke yao. Mahakama ya kwanza ya watoto duniani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899, na kwa miongo mingi mahakama za namna hiyo ziliendeshwa kwa imani kwamba mtoto hahitaji ulinzi wa kisheria kwa kuwa kila aliyemo chumbani anamtakia mema. Mwaka 1964 kijana wa miaka 15 wa jimbo la Arizona, Gerald Gault, alidaiwa kupiga simu chafu kwa jirani. Hakuwa na wakili, na aliyelalamika hakufika kutoa ushahidi. Akapelekwa kwenye taasisi ya vijana ambako angeweza kukaa hadi miaka 21. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo mwaka 1967 na kutamka kwamba mtoto naye ana haki ya kujulishwa tuhuma, kuwa na wakili, kuwahoji mashahidi na kutojitia hatiani. Kila unapopendekeza mtoto aongezewe muda "ili tuendelee kumsaidia", jiulize mtu mzima mwenye kosa lilelile angekuwa wapi sasa hivi.

Ukimaliza kuchora, angalia kama kuna watoto walioingia kwa mambo ambayo kwa mtu mzima si kosa kabisa: utoro shuleni, kutoroka nyumbani, ukaidi kwa wazazi. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Na. 24 ya mwaka 2019, inataka makosa ya aina hiyo yaondolewe kwenye sheria, na inahimiza umri wa kuwajibika kwa jinai usipungue miaka 14. Msimamizi habadilishi sheria, lakini anaweza kukubaliana na shule na ofisi ya ustawi wa jamii kwamba watoto hawa wapokelewe huko, wasipite mlango wa mahakama.

Hatua ya 2: Siku ya mapokezi, tenganisha maswali mawili

Swali la kwanza ni la usalama: mtoto huyu yuko salama leo? Ana mawazo ya kujidhuru? Anapigwa au kunajisiwa huko anakolala? Kuna mtu mzima anayemtumia? Swali hili halingoji ratiba. Linajibiwa siku ileile, na afisa aliyefundishwa, ndani ya chumba chenye faragha, bila polisi kusimama mlangoni.

Swali la pili ni uwezekano wa kurudia kosa, na hili linahitaji zana ya tathmini iliyofanyiwa utafiti, inayotazama historia ya makosa, familia, shule, marafiki, vileo na dawa za kulevya, jinsi mtoto anavyotumia muda wake, tabia na mtazamo wake. Maafisa wazoefu huwa wanaipinga. Wanasema wanamjua mtoto kwa kumtazama. Wasikilize, kwa maana uzoefu wao una thamani, kisha usikubali. Kukadiria kwa hisia peke yake hukosea zaidi kuliko kukadiria kwa zana nzuri, na makosa yake huwaangukia wale wasiopendeza machoni: mtoto asiyeongea, mtoto mwenye kiburi, mtoto aliyekuja bila mzazi.

Zana nayo isiabudiwe. Idadi ya mara ambazo mtoto amekamatwa inaeleza tabia yake, na inaeleza pia mtaa gani polisi wanaupita kila siku. Ruhusu afisa kupandisha au kushusha kiwango kilichotolewa na zana, lakini aandike sababu na wewe uweke saini. Kila baada ya miezi michache, toa orodha ya mabadiliko hayo. Ukiona karibu yote ni ya kupandisha, au yanawaangukia watoto wa kundi moja, umepata tatizo ambalo lisingeonekana kwenye jalada moja moja.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: anayoyasema mtoto kwenye tathmini, ikiwemo makosa ambayo hajashtakiwa nayo, yasivuke kwenda kwa mwendesha mashtaka. Weka makubaliano hayo mapema. Mtoto akigundua kwamba aliyemwita "mwanangu" na kumwambia ajieleze kwa uhuru alikuwa akikusanya ushahidi, hatasema tena neno la kweli ndani ya jengo lenu, na wenzake watasikia.

Hatua ya 3: Walio wepesi waache, nguvu zipeleke kwa wazito

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, Marekani, ulianza mradi mkubwa wa kuwasaidia wavulana wadogo. Zaidi ya 500 waligawanywa makundi mawili yanayofanana. Kundi moja lilipata washauri waliowatembelea nyumbani, kwa wastani mara mbili kwa mwezi, kwa takribani miaka mitano. Wakasaidiwa masomo, afya na burudani, na baadhi wakapelekwa kambi za mapumziko. Kundi la pili halikupata chochote. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia miaka 30 baadaye na kuchapisha matokeo mwaka 1978. Wengi wa waliosaidiwa waliukumbuka mradi kwa shukrani. Lakini hali zao hazikuwa bora kuliko za wasiosaidiwa, na kwa vipimo kadhaa zilikuwa mbaya zaidi, ikiwemo kurudia makosa, ulevi na kufa mapema. Uchambuzi uliofuata ulizielekezea kidole hasa kambi, ambako vijana walikutanishwa na kujengana kwa mabaya.

Ninawasomesha maafisa wapya habari hii kwa sababu inavunja ile dhana kwamba huduma, kwa kuwa ni huduma, haiwezi kudhuru. Inadhuru. Mtoto ambaye uwezekano wake wa kurudia kosa ni mdogo tayari ana vitu vinavyomshika: shule, mpira, shangazi mkali, rafiki mwema. Ukimtoa shuleni alasiri tatu kwa wiki akakae na vijana wazoefu wa makosa, umemnyang'anya vile vilivyomlinda na kumpa marafiki ambao asingewapata. Vijana wengi waliofanya kosa moja huacha wenyewe wanapokua.

Kwa hiyo weka utaratibu wa wazi. Mwenye uwezekano mdogo aonywe, mzazi aelezwe, jalada lifungwe. Wa kati apate huduma moja au mbili zinazolenga kilichomleta, kwa muda uliowekwa kikomo. Wa juu ndiye apewe afisa mwenye majalada machache, mikutano ya mara kwa mara, kazi ya kina na familia yake, na mnasihi aliyebobea. Usiwachanganye watoto wa viwango tofauti kwenye kundi moja, hata kama chumba ni kimoja na mwezeshaji ni mmoja. Afadhali kundi lisifanyike wiki hiyo.

Utashinikizwa. Hakimu atasema mtoto "awekwe karibu", mfadhili atataka idadi kubwa ya walionufaika. Zungumza nao kwa ushahidi, na uwaoneshe saa ngapi za maafisa zinaokolewa kwa ajili ya yule kijana ambaye kila mtu mjini anamwogopa.

Hatua ya 4: Masharti yawe machache, na mtoto aweze kuyasema kwa kinywa chake

Tuseme msichana wa miaka 15 ameiba simu dukani akiwa na wenzake wawili. Rasimu ya amri inayokuja mezani kwako inasema: asitoke nje baada ya saa kumi na mbili jioni, aripoti kila Jumatatu na Alhamisi saa nne asubuhi, asikutane na wenzake hao, ahudhurie unasihi, alipe thamani ya simu, afanye kazi za jamii saa 60, afaulu mitihani, amheshimu mama yake.

Soma sharti moja moja. Saa nne asubuhi yuko darasani, kwa hiyo tumemlazimisha achague ni agizo gani avunje. Mmoja wa wale wenzake ni binamu anayelala naye chumba kimoja. Kufaulu mitihani hakumo mikononi mwake peke yake. "Kumheshimu mama" hakupimiki, na siku wakigombana, kama mama na binti wa umri huo wanavyogombana, ugomvi wa jikoni umegeuka kuwa ukiukaji wa amri ya mahakama. Fidia ni ya nani kulipa, naye hana kipato? Atalipa mama, au ataiba tena.

Rudisha rasimu kwa afisa na maswali haya: ni kitu gani hasa kilichomfikisha huyu hapa, na ni mambo gani mawili au matatu yakibadilika atakuwa na sababu ndogo ya kurudi? Pengine jibu ni kwamba aliacha mazoezi ya kwaya baada ya ugomvi na mwalimu, akabaki hana pa kwenda jioni. Basi mpango unakuwa: afisa ampatanishe na mwalimu, msichana arudi kwaya au atafute kikundi kingine ndani ya wiki mbili, akutane na mnasihi mara sita kuhusu namna ya kukataa kusukumwa na wenzake, na amfanyie mwenye duka kazi ya saa kadhaa zilizokubaliwa na pande zote, kama mwenye duka anaridhia. Miezi minne, basi.

Taarifa ya uchunguzi wa kijamii ndiyo inayomsaidia hakimu kukubali mpango mwembamba kama huo. Kanuni ya 16 ya Beijing inataka uchunguzi huo ufanyike kabla ya hukumu, isipokuwa kwa makosa madogo. Isiwe historia ndefu ya mateso ya familia. Ieleze kilichotokea, kwa nini, nani yuko tayari kusaidia, na nini kinapendekezwa. Mtoto asomewe taarifa kabla haijapelekwa, na pale asipokubaliana nayo maneno yake yaandikwe. Mwishoni mwa kikao cha mpango, mwombe ataje masharti yake bila karatasi. Akishindwa, karatasi ndiyo yenye kasoro.

Hatua ya 5: Familia haijashtakiwa

Mzazi anayeingia ofisini kwenu mara nyingi amekwisha kuitwa shuleni, polisi na mahakamani, na kote ameambiwa ameshindwa kulea. Baadhi watafika na maneno makali: "Mchukueni, mimi nimechoka naye." Afisa asiyeelewa huandika "mzazi hatoi ushirikiano". Fundisha maafisa wako kusikia uchovu ndani ya maneno hayo, na kuuliza swali linalofungua: lini mara ya mwisho mambo yalikuwa nafuu hapo nyumbani, na siku hizo mlikuwa mnafanyaje?

Mambo ya kawaida kabisa ndiyo hukwamisha. Mikutano hupangwa saa za kazi, mzazi wa kibarua akihudhuria anapoteza ujira wa siku. Barua zinaandikwa kwa lugha ya kisheria. Tenga angalau jioni moja kwa wiki au Jumamosi, lipia nauli kama bajeti inaruhusu, na barua ziandikwe kwa maneno ambayo bibi wa mtoto angeyaelewa. Unapopanga ziara ya nyumbani, toa taarifa mapema pale usalama unaporuhusu; afisa asiende na gari lenye nembo likasimama mlangoni majirani wakitazama; asalimie wakubwa kwanza, aombe ruhusa ya kuketi, na asimhoji mzazi mbele ya watoto wake. Heshima hiyo humletea afisa taarifa nyingi kuliko ukaguzi wowote.

Uliza pia nani mwingine yupo. New Zealand ilipitisha sheria mwaka 1989 iliyoweka kikao cha ukoo katikati ya mfumo wake wa watoto, kwa kuathiriwa na mila za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo: kijana, wazazi, ndugu wa karibu, polisi na aliyedhurika akitaka, wanakaa pamoja kupanga nini kifanyike, na familia hupewa muda wa kujadili peke yake bila maofisa. Huhitaji sheria mpya kujifunza kitu hapo. Mjomba ambaye hakuna aliyemtaja kwenye jalada anaweza kuwa ndiye atakayempokea kijana likizo nzima.

Kuna nyumba ambazo ndizo hatari yenyewe. Hapo ushirikishwaji wa familia unasimama, na sheria ya ulinzi wa mtoto inashika nafasi. Maafisa wawe na njia ya kukupigia simu saa yoyote kuhusu hilo, na wewe uwe na namba za wanaohusika bila kutafuta.

Hatua ya 6: Kaa ndani ya chumba na maafisa wako

Msimamizi anayesoma majalada tu anasimamia mwandiko. Kila mwezi keti kimya kwenye kikao kimoja cha kila afisa na mtoto, kwa ridhaa ya mtoto. Angalia nani anaongea zaidi. Angalia kama afisa anauliza maswali yanayojibiwa kwa "ndiyo" na "hapana", kama anamwonesha kijana jinsi ya kufanya jambo au anamhubiria, kama anaona kilichofanywa vizuri. Baadaye mpe mrejesho siku hiyohiyo: kitu kimoja alichokifanya vyema kwa maneno mahususi, na kimoja cha kujaribu wiki ijayo. Mkiweza, kijaribuni palepale, wewe ukiwa kijana mkaidi.

Kikao cha ana kwa ana na kila afisa kifanyike kwa ratiba isiyovunjwa kirahisi. Anza na watoto wanaomtia wasiwasi, halafu muulize ni mtoto gani hamfikirii kabisa, kwa sababu watoto watulivu hupotea humo. Malizia na hali yake mwenyewe. Watu hawa husikia habari za ubakaji, vipigo na njaa wiki nzima. Dalili za kuelemewa ni pamoja na kuchelewa, ukali usio wa kawaida kwa watoto na majalada yanayojazwa kwa maneno yaleyale. Afisa wa namna hiyo anahitaji kupunguziwa majalada na kupata mtu wa kuzungumza naye, kabla hujafikiria onyo.

Hatua ya 7: Masharti yakivunjwa

Yatavunjwa. Kijana wa miaka 15 anayetimiza kila sharti bila kuteleza ni nadra. Jibu lenu lisitegemee hasira ya afisa siku hiyo, kwa hiyo andaeni jedwali la hatua: kosa dogo, la kati, kubwa, na kwa kila moja, majibu yanayoanzia mazungumzo, kupitia kubadili ratiba au kuongeza msaada, hadi kikao na msimamizi. Jibu lije haraka, ndani ya siku chache, maana adhabu inayokuja baada ya mwezi mtoto haihusishi tena na alichofanya.

Jedwali hilohilo liwe na upande wa pongezi, na upande huo utumike zaidi. Watu wa fani hii wengi hulenga pongezi nne kwa kila karipio moja. Kuhudhuria wiki nne mfululizo kumfupishie mtoto muda wa uangalizi, au kumwondolee sharti la kubaki ndani jioni. Kijana anajua kuhesabu, na akiona njia ya kutoka iko wazi, ataipita.

Kumrudisha mahakamani kwa kukosa miadi peke yake pasiruhusiwe bila saini yako. Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Haki za Mtoto kinasema kumweka mtoto kizuizini ni hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Kabla ya kusaini, muulize afisa: alijua miadi? Alikuwa na nauli? Kuna mtu anayemtishia njiani? Tumejaribu nini, lini?

Hatua ya 8: Wanaotoa huduma kwa niaba yako

Ukimpeleka mtoto kwenye shirika la nje, dhima haijatoka mikononi mwako. Tembelea bila taarifa. Mikataba itamke kwamba kila mfanyakazi na kila wa kujitolea amechunguzwa historia yake, hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na malalamiko ya mtoto yanafika kwako moja kwa moja bila kupitia kwa anayelalamikiwa. Bandika njia hiyo ya malalamiko ukutani, kwa maandishi makubwa, na uhakikishe asiyejua kusoma ameelezwa.

Kazi za jamii zisiwe za kuaibisha. Fulana zenye maandishi yanayowatambulisha kuwa "wa mahakama", picha za kusafisha mitaro mbele ya waandishi: Kanuni ya 8 ya Beijing inalinda faragha ya mtoto katika kila hatua, na hizo ni njia za kuivunja.

Utaletewa pia wazo la kuwapeleka watoto gerezani watishwe na wafungwa ili waogope. Lilipata umaarufu kutoka jela ya Rahway, New Jersey, miaka ya 1970, na limeigwa sehemu nyingi. Tafiti zilizolinganisha makundi kwa haki zilipokusanywa pamoja zilionesha kwamba waliopelekwa walifanya makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa. Kataa, hata kama anayelileta ni kiongozi unayemheshimu, na umweleze sababu kwa upole.

Kuhusu waliodhurika na kosa: kikao cha kuomba radhi kinaweza kuwa na nguvu kubwa kwa pande zote, lakini kifanyike tu wote wawili wakitaka na baada ya kila mmoja kuandaliwa peke yake. Barua ya msamaha iliyoandikwa kwa amri haina thamani kwa yeyote.

Hatua ya 9: Hesabu zinazosema kweli

Idadi ya watoto "waliohudumiwa" haikuambii kitu. Fuatilia siku zinazopita tangu mtoto anapoelekezwa kwenye huduma hadi anapoanza kuipata, wangapi waliomaliza, wangapi waliorudishwa mahakamani kwa masharti tu bila kosa jipya, wangapi waliolala kizuizini na kwa nini. Kurudia kosa kupimwe kwa tafsiri moja isiyobadilika, kwa sababu kukamatwa tena na kutiwa hatiani tena ni vitu viwili tofauti, na muda wa kufuatilia uwe uleule kwa wote. Kisha zigawanye takwimu kwa jinsia, umri, eneo, ulemavu. Wasichana ni wachache kwenye mifumo mingi, na programu zilizoundwa kwa wavulana huwapoteza bila mtu kugundua.

Mahali penye watoto wachache, usiseme asilimia. Watoto wawili kati ya wanne si "nusu" ya kutangaza kwenye ripoti. Waulize pia watoto na wazazi wenyewe mwishoni, kupitia mtu asiyekuwa afisa wao.

Hatua ya 10: Kufunga jalada

Weka tarehe ya mwisho siku ya kwanza. Kila baada ya miezi mitatu, afisa aeleze kwa nini shauri bado liko wazi, na mzigo wa kueleza uwe kwa anayetaka kuliendeleza. Malengo yakitimia mapema, ombeni mahakama ifunge mapema.

Kikao cha mwisho kifanyike kwa heshima: mtoto, mzazi, afisa, na barua fupi inayotaja alichofanikisha. Mweleze kumbukumbu zake zinakwenda wapi. Kanuni ya 21 ya Beijing inataka kumbukumbu za mtoto ziwe siri kabisa, zisionwe na watu wasiohusika, na zisitumike dhidi yake akifikishwa mahakamani akiwa mtu mzima. Kama sheria yenu inaruhusu kuziziba au kuziteketeza baada ya muda fulani, usimwachie mtoto aombe mwenyewe. Fanya maombi hayo kuwa sehemu ya kazi ya karani wako, yenye tarehe kwenye kalenda. Hakiki pia kwamba nakala zilizotumwa shuleni, hospitalini na kwa mashirika zimerudishwa au zimeharibiwa, na jina lake limetoka kwenye orodha za kompyuta ambazo watu husahau kuzisafisha.